Mbuzi wa Neema Alikuwa Anakonyeza

Dukani, Chang'ombe
Ijumaa alasiri

Zaituni,

Salamu utazipata kwa mdomo ukirudi jioni, na kesho stendi nitakuombea dua ya safari kama baba anavyotakiwa. Barua hii haina salamu. Nimeianza nikiwa na hasira na nadhani nitaimaliza nikiwa nayo, kwa hiyo usitafute maneno laini humu ndani.

Nimefunga duka baada ya swala. Wewe uko Mpwapwa kumuaga shangazi yako. Mama yako yuko nyumbani Mkonze anakufungia mlenda mkavu na karanga, kana kwamba huko Mwanza unakokwenda kikazi watu hawali. Mambo ya chakula, ya sweta, ya kutompa mtu usiyemjua begi akushikie, amekwisha kukueleza mpaka umefika mahali unaitikia bila kusikia. Sitayarudia. Mimi nina jambo moja tu na unalijua, maana Jumapili ulilikimbia ukajifungia chumbani.

Ni vile vitambaa.

Nitakieleza kisa chote tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu mimi na wewe tumekuwa tukikieleza nusu nusu, kila mmoja kwa namna inayomfaa.

Ulipopata kazi ya utafiti kwenye ule mradi, nilijigamba mtaa mzima. Mtu akija kupunguza suruali, lazima aondoke akijua kwamba binti yangu anachunguza jinsi watoto wanavyojifunza kwa kushona na kwa kompyuta. Wengi hawakuelewa, na mimi mwenyewe nilikuwa nabahatisha. Mpaka uliponiletea kitambaa kimoja ukanionyesha: mtoto anachora picha kwenye kitambaa, anashona kwa uzi unaopitisha umeme, anaweka vitaa vidogo na betri ya saa, anashonea na kompyuta ndogo kama kifungo cha koti yenye matundu pembeni, kisha anaiandikia maagizo iwashe taa ipi, lini, kwa muda gani. Nikakuuliza nani anashinda. Ukacheka. "Hakuna anayeshinda, baba. Hatuangalii kama kitambaa ni kizuri. Tunaangalia mtoto alifikiri nini alipokwama."

Nikaitikia. Naitikia mambo mengi nikiwa na pini mdomoni.

Muhula uliopita, siku mbili kabla ya wageni wa mradi kufika shuleni Mkonze, ulinijia na katoni. Ndani mlikuwa na vitambaa ishirini na vinne vya watoto wa darasa la tano. Uliniambia maneno haya, nayakumbuka kama yalivyo: "Baba, naomba unipindie kingo tu zisichanike. Ndani usiguse."

Ndani usiguse. Hukusema kwa mafumbo wala hukusema kwa Kiingereza.

Nilipinda kingo zote ishirini na nne. Kisha nikafanya ujinga wa kuvigeuza na kuviangalia. Zaituni, ile haikuwa mishono, ilikuwa fujo. Uzi umelegea, uzi umekunjamana, fundo kubwa kama harage. Kimoja kilikuwa na mbuzi, na uzi badala ya kwenda jichoni moja kwa moja ulikuwa umepanda juu, umezunguka pembe, umeshuka nyuma ya sikio, ndipo ukafika. Nikasema mwenyewe, huyu alikuwa anasinzia.

Na mimi ndiye niliyekuwa nimetangazwa mle shuleni kama fundi wa mradi. Mimi ndiye niliyekwenda siku ya kwanza kuwafundisha kushika sindano. Nikawaza wageni watageuza vitambaa kama nilivyovigeuza mimi, watauliza nani aliwafundisha hawa. Basi nikachukua wembe nikafumua. Katonini mlikuwa na ule mchoro wenu unaoonyesha uzi upite wapi, na kulikuwa na kibobini kilichojaa ule uzi wenu wa umeme. Nikashona vyote, mstari mmoja, kama rula. Vikawaka vyote. Nilijisikia vizuri sana, usidhani nilijisikia mwizi. Nilikunywa chai huku navitazama vinavyowaka.

Siku ya wageni nilivaa koti. Nilisimama nyuma ya darasa, nikawaona wageni wanapiga picha vitambaa. Wakafika kwa Neema, yule binti wa mama anayeuza mboga karibu na geti la shule. Mgeni mmoja akamwambia abonyeze kiwashio. Neema akabonyeza, macho yote mawili ya mbuzi yakawaka, yakazima, yakawaka. Watu wakapiga makofi. Neema akabonyeza tena. Akakigeuza kitambaa, akakirudisha, akasema, "Alikuwa anakonyeza." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hii siyo yangu."

Mkuu wa mradi wenu akacheka akamshika bega. "Ana haya," akawaambia wageni, wakahamia kwa mtoto mwingine.

Wewe ulibaki pale. Ulikigeuza kile kitambaa. Umekulia chini ya meza yangu, mshono wangu unaujua hata gizani. Ukainua kichwa ukanitazama kule nyuma, nami nikatazama dirishani.

Jioni nyumbani ukaniuliza, "Baba, uligusa?"

"Nilinyoosha kidogo tu."

Nilikuwa najiandaa kugombezwa, na wallahi nilistahili. Halafu ukasema, "Basi, yaishe."

Yaishe! Neno hilo nimelichukia tangu hapo. Yaishe ni neno la watu wawili waliogombana na wakachoka. Mimi na wewe hatukuwa tumegombana. Aliyekosewa alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja, naye hakuwepo pale sebuleni kusema kama yaishe au yasiishe.

Sasa sikia yaliyofuata, maana Jumapili hukunipa nafasi ya kuyasema vizuri.

Wiki mbili zilizopita Mama Neema alikuja dukani na sare ya mwanawe iliyochanika kwapani. Neema alikuwa naye. Alinisalimia, "Shikamoo, fundi," nikaitikia, lakini nilipomvutia kigoda hakukaa. Nikamuuliza masomo ya kompyuta yanaendeleaje. Mama yake akajibu, "Huyo ameacha, Baba Zaituni. Anasema kule wanabadilisha vitu vya watu. Mimi nimemwambia aache uongo."

Hapo ningeweza kunyamaza. Nikajifanya natafuta uzi wa rangi ya sare. Lakini swali likanitoka: "Neema, kwa nini uzi wako ulizunguka pembe?"

Alinitazama kuona kama namtania. Kisha akachukua chaki yangu, akachora mbuzi juu ya meza ya kukatia. Akanionyesha. Alitaka jicho la kushoto likonyeze peke yake, la kulia libaki linawaka. Mara ya kwanza alishona yote mawili kwa uzi mmoja, yakawa yanafanya kitu kimoja, hata akibadilisha maagizo kwenye kompyuta. Akakaa nayo. Akagundua kwamba kila jicho linataka tundu lake kwenye ile kompyuta ndogo, na uzi wake. Akashona mara ya pili, nyuzi zikapishana, zikagusana, macho yakazima yote. Akafumua. "Zikigusana zinaharibika, fundi. Kwa hiyo huu nikaupitisha huku juu, mbali, nikauzungusha kwenye pembe ili usimguse mwenzake." Akapitisha chaki taratibu kwenye ile njia ndefu niliyoiona ni ya mtu anayesinzia. "Hapo ndipo akakonyeza. Mara moja nilipomaliza."

Zaituni, mimi nimeshika sindano miaka thelathini na moja, nisingeweza kukigundua hicho. Ule mchoro wenu nilioufuata una uzi mmoja kwa taa zote mbili. Nilimrudisha yule mtoto mahali alipoanzia, mahali alipokwisha kutoka kwa akili yake mwenyewe, halafu watu wazima wote tukampigia makofi.

Sare niliishona bure, na Mama Neema akashangaa. Sikumwambia kitu. Huo ni uoga wangu mwingine, uhesabu pamoja na ule wa kwanza.

Jumapili nikakuita nikakueleza. Nilidhani utalia, au utanitukana kwa adabu kama unavyojua. Badala yake ukanieleza habari ya ripoti. Kwamba ilikwishakwenda. Kwamba picha zilizomo ni za mishono yangu. Kwamba kutokana na ripoti hiyo umetengenezwa mwongozo wa walimu, na mwongozo unasema watoto waliofuata mchoro walifanikiwa wote, hivyo kila shule mtoto apewe mchoro aufuate. Kwamba huo ndio mwongozo unaokwenda nao Mwanza, na ndiyo sababu umechaguliwa wewe. Halafu ukasema lile lililoninyima usingizi: "Nikisema sasa hivi, baba, watakutaja. Watu watasema fundi ameharibu kazi ya mwanawe. Sitaki uaibike."

Usinifanye kisingizio.

Nakuandikia hilo kwa kalamu inayokaribia kutoboa karatasi. Usinifanye mimi kisingizio cha kunyamaza kwako. Unaogopa kupoteza kazi. Sema hivyo. Kuogopa kupoteza kazi si dhambi, hata mimi ningeogopa. Lakini kuchukua woga wako ukauvika koti la baba yako, hilo silikubali. Mimi ndiye ninayeshona makoti.

Fikiria unakokwenda. Utaingia darasani na mwongozo mkononi. Atatokea mtoto mwenye mbuzi wake, au samaki wake huko ziwani, atapitisha uzi njia ndefu. Mwalimu atatazama mchoro, atatazama kitambaa, atamwambia amekosea, fumua. Na mwongozo utamuunga mkono mwalimu. Na wewe utakuwa umesimama pale na daftari lako. Utaandika nini?

Nimekuwa nikijiuliza wiki hii nzima nilijifunzia wapi ujinga huu, maana haukuanza na katoni yako.

Unajua nilijifunza ufundi Kondoa mjini, kwa mzee mmoja aliyekuwa na rula ya mbao. Mshono ukipinda, rula inashuka kwenye vidole. Hakuwahi kuniuliza kwa nini umepinda. Mwezi wa kwanza tu nilikwishajua kugeuza kitambaa upande asiouangalia. Nilijifunza kuficha kabla sijajifunza kushona, na nikawa hodari katika vyote viwili. Kuna bwana harusi mmoja nilimbana kanzu kwapani kwa kosa langu la kupima, nikamwambia yeye ndiye aliyenenepa. Akaniamini. Akaoa akiwa hawezi kuinua mikono, watu wakamsifu kwa utulivu wake. Nimekisimulia kisa hicho miaka mingi watu wakicheka, na mimi nikicheka kuliko wote. Siku hizi sioni cha kuchekesha.

Na kuna wewe. Darasa la tano, somo la Stadi za Kazi. Unajua jinsi shule zetu zilivyo, mwalimu anataka ufagio, mkeka, kapu, kitambaa cha mezani, na wazazi wote tunakwenda sokoni kununua au tunatengeneza wenyewe usiku, watoto wanapeleka, wanapata alama, na mwalimu naye anajua. Ulikuwa umeshona kitambaa chako. Kilikuwa na nyumba ya bibi yako, mlango ukiwa juu karibu na paa. Nilikuuliza mtu ataingiaje. Ukasema mlango uko juu kwa sababu ukiitazama nyumba ya bibi kutoka kilimani, kitu cha kwanza unachokiona ni mlango. Nikakwambia acha maneno. Nikashona kingine, na cha kwako sijui kilikwenda wapi, nadhani nilifutia mashine mafuta.

Uliporudi shule ulikiweka juu ya meza yangu, ukasema, "Baba, cha kwako kimepata tisini na tano."

Cha kwako. Nilicheka, nikawaita majirani kuwaonyesha. Hukuwahi tena kushika sindano. Hata kifungo ukawa unaniletea. Nami nikawa nasema binti yangu ni wa vitabu, sindano haimfai, kana kwamba ulizaliwa hivyo. Ulipochagua kusomea jinsi watoto wanavyojifunza kwa mikono yao, sikujiuliza hata siku moja kwa nini.

Sikuandikii haya ili unionee huruma. Nina hasira na huyo baba, na ningempata ningemwambia vibaya. Nakuandikia kwa sababu ulipokuwa na miaka kumi na moja ulikuwa na ujasiri wa kusema kitambaa kile ni cha nani, na Neema alipokuwa na miaka kumi na moja alisema hivyo hivyo mbele ya wageni watu wazima. Sasa una miaka ishirini na saba, una shahada mbili, na umeniambia yaishe.

Sasa nikuambie nilichofanya leo asubuhi, usije ukakisikia kwa mtu mwingine.

Nimekwenda shuleni. Nimeingia kwa mwalimu mkuu nikamweleza kila kitu, wembe, kibobini, mchoro, vyote ishirini na vinne. Alijaribu kunituliza. "Fundi, mbona haya ni mambo madogo, wageni walifurahi." Nikamwambia naomba niseme na darasa la tano. Akasita, kisha akanipeleka.

Nilisimama mbele yao bila koti. Nikawaambia mimi ndiye niliyefumua kazi zenu, hamkuota, wala hamkusema uongo. Nikamwambia Neema kwamba mbuzi wake alikuwa anakonyeza, na kwamba mimi ndiye niliyemfumba. Nilidhani watacheka, hawakucheka. Mvulana mmoja wa nyuma alisema, "Na langu gari lilikuwa na taa za nyuma." Mwingine akasema cha kwake. Wakaanza kusema wote kwa pamoja, kila mtoto na alichokuwa amekifanya, na mwalimu wao akawa anaandika mbio mbio nyuma ya daftari la mahudhurio. Hayo ndiyo yaliyokuwa utafiti wako, mwanangu. Yalikuwamo vichwani mwao muda wote huu na hakuna aliyeyauliza.

Neema hakusema kitu mpaka kengele. Nilipokuwa natoka akanifuata mlangoni. Akaniuliza, "Fundi, uzi wangu uko wapi?"

Nilimwambia ukweli, kwamba niliufagia siku ile ile pamoja na vitambaa chakavu. Akatingisha kichwa, akarudi ndani. Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikumwomba aniambie.

Nikatoka pale nikapita kwa mama yake getini nikamweleza naye, mbele ya wateja wake. Alinitazama, fungu la mboga mkononi. "Kumbe nilimpiga bure," akasema. Sikujua hilo. Sasa na wewe unalijua.

Basi aibu uliyokuwa unanikinga nayo imekwisha kufika. Kufikia leo jioni Mkonze nzima itakuwa nayo, na kesho itakuwa Chang'ombe kabla sijafungua duka. Huna tena cha kunifichia. Kilichobaki ni chako peke yako.

Siwezi kukuamulia. Unaweza kupanda basi na ule mwongozo, na mimi nitakuombea dua ile ile. Unaweza kumpigia mkuu wako kabla hamjaanza kazi, na anaweza kukuambia rudi nyumbani. Ukirudi, chumba chako kipo, na sitakuuliza kwa nini umerudi kwa sababu nitakuwa najua. Nitakuwa na hasira na wao, basi, nimezoea kuwa na hasira.

Lakini ukiamua kusema, nina sharti moja. Nyinyi watu wa ripoti mnapenda kuficha majina. Mtaandika "fundi mmoja wa mtaani", au "msaidizi wa mradi", ili nionekane kama hali ya hewa iliyoharibu mavuno. Usikubali. Watoto wale nao mliwaficha majina, mkasema mnawalinda, na angalia ilivyokuwa. Andika nilikuwa nani, andika kwamba uliniambia nisiguse na nikagusa. Liandike jina langu lote, herufi kwa herufi, kama nilivyoliandika hapa chini.

Hamisi Rajabu Mwenda,
fundi cherehani